Nyota nne kwa mama wa kodi wa mtaa wa Bissonnet, Houston, aliyetusafishia akaunti za Dar

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa kwanza. Ofisi tuliilipa dola 3,150 ituwekee sawa kodi na ripoti za akaunti za Tanzania ambazo hatukuwa tumezitangaza Marekani. Adhabu ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ilikuwa dola 2,050. Juu yake kuna kodi yenyewe ya nyuma pamoja na riba ya kuchelewa, ambayo kwetu ilikuwa ndogo kuliko ada ya ofisi. Kwa hela hiyo tumetoka kwenye jambo ambalo lingeweza kutukalia shingoni kwa makumi ya maelfu. Nyota nne. Ya tano nitaeleza imeendea wapi, na jina la ofisi silitaji hapa kwa sababu nina malalamiko pia. Wa Houston mkisikia "mama wa Mombasa, Bissonnet, ghorofani" mtamjua.

Mimi nahudumia wazee, mume wangu anaendesha lori. Yeye ni raia, mimi nina kadi ya kijani. Ana nyumba Kigamboni yenye wapangaji, akaunti ya kawaida Dar inayopokea pango, akaunti ya muda maalumu inayozaa riba, na vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya Tanzania, alivyoanza kununua tangu hajaoa. Tena ni mweka hazina wa kikundi cha watu wa kwao Tanga, na saini yake iko benki. Ukisikia watu wanaficha fedha nje unawaza Uswisi na majumba ya mawakili. Hukumbuki kwamba kwa sheria ya Marekani Kigamboni nako ni nje, na pango la laki tatu kwa mwezi nalo ni kipato cha nje.

Sheria iko hivi. Raia au mwenye kadi ya kijani anatozwa kodi kwa kipato cha dunia nzima, hata kama fedha haijawahi kuvuka bahari kuja huku. Halafu kuna ripoti ya peke yake inayoitwa FBAR, inayotokana na sheria ya mwaka 1970: ukijumlisha akaunti zako zote za nje na jumla ikapita dola 10,000, hata kwa siku moja tu ndani ya mwaka, unaziripoti zote. Soma hapo tena, ni jumla, si kila akaunti peke yake. Kwa shilingi ni kama milioni 25 na ushee, hela ambayo mtu anayejenga inapita mikononi mwake bila hata kuiona.

Nasi tuliamshwa na benki ya Dar, si na barua ya serikali. Walimtumia mume wangu fomu W-9 wakitaka namba yake ya kodi ya Marekani. Hiyo ni kazi ya FATCA, sheria ya 2010: benki ya nje isiyotoa taarifa za wateja Wamarekani inahatarisha kukatwa asilimia 30 kwenye malipo yake yanayotoka Marekani. Sheria yenyewe ilikuja baada ya sakata la UBS, benki iliyowasaidia Wamarekani kuficha fedha. Mwaka 2009 benki hiyo ya Uswisi ilikubali kulipa dola milioni 780, na baadaye mwaka huohuo ikakubali kutoa taarifa za akaunti zipatazo 4,450. Bradley Birkenfeld, mfanyakazi wake wa zamani aliyetoboa siri, alifungwa, kisha mwaka 2012 IRS ikamzawadia dola milioni 104. Wenye mabilioni ndio waliochokoza nyuki, sisi wa pango la laki tatu tukakumbwa na nyavu zilezile.

Kabla ya kufika Bissonnet tulizunguka. Mtu wetu wa kufaili wa miaka yote alisema tuanze mwaka huu, ya nyuma tuachane nayo. Ni huyohuyo ambaye kwenye ile fomu ndogo ya B inayokwenda na ritani, yaani taarifa ya kodi ya kila mwaka, mahali panapouliza kama una akaunti nje ya nchi, alikuwa anaweka alama ya Hapana mwaka hadi mwaka bila kutuuliza. Ndugu mmoja wa msikitini akashauri akaunti ihamishiwe jina la mama mkwe. Wakili mmoja wa matangazo ya redioni alitaka dola 15,000 kabla hata hajafungua faili. Nilirudi nyumbani nikapika, sikuongea na mtu.

Basi, ofisi. Iko juu ya duka la vitambaa, ngazi zina mteremko mbaya, maegesho ni ya kugombania. Ndani kuna meza mbili, mashine ya kunakili, chupa ya chai ya tangawizi na ukuta umejaa vyeti. Mwenye ofisi ni mtu mzima, si wakili, ni wakala aliyeidhinishwa na serikali kuu kuwakilisha watu mbele ya IRS, wale wenye herufi EA mwisho wa jina. Muulizeni kila mtu wa kufaili kama anazo herufi hizo au ni mhasibu wa CPA, maana wengi wanaokaa kwenye maduka ya kutuma fedha hawana chochote zaidi ya namba ya kuandaa ritani.

Mume wangu akaamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, na kabla hajatoa bahasha akazuiwa kwa mkono.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Nitakuuliza neno, na usinijibu. Kuna siku uliijua ripoti hii, ukaamua kuiacha kusudi? Usinijibu! Kama jibu ni ndiyo, shuka ngazi uende kwa wakili wa kesi za kodi. Mimi naweza kuitwa kortini nikasema ulonambia. Wakili haitwi."

Tukatazamana. Mume wangu akasema, "Mama, tutabaki."

Kwa hilo peke yake ningempa nyota tatu. Watu wawili tuliokutana nao kabla yake walitaka kusikia kila kitu kwanza, na hakuna aliyetuambia kwamba maneno yetu kwake hayana ulinzi kama jambo likigeuka la jinai. Na tofauti ya kusudi na kutokusudia ndiyo roho ya mambo haya yote. Aliyekusudia anaweza kutozwa nusu ya salio la akaunti, au dola 100,000 ambazo hupandishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei, ile iliyo kubwa, na jela ipo. Asiyekusudia sheria inamwekea kikomo cha dola 10,000, nazo hupandishwa vivyo hivyo. Hadi juzi IRS ilikuwa inadai hizo kwa kila akaunti kwa kila mwaka. Akaja bwana mmoja mwenye asili ya Romania, Alexandru Bittner, aliyekuwa anadaiwa dola milioni 2.72 kwa akaunti 272. Mwezi Februari 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, majaji watano kwa wanne, kwamba adhabu inahesabiwa kwa ripoti ya mwaka, siyo kwa akaunti. Deni likashuka hadi dola 50,000. Kwa mume wangu, mwenye akaunti nne na miaka sita ya kuangaliwa, unaweza kupiga hesabu mwenyewe kabla na baada ya hukumu ile.

Njia aliyotupeleka inaitwa Streamlined, mpango wa IRS wa kujirekebisha kwa waliokosea bila kukusudia, nasi tulipita ule wa wanaoishi ndani ya Marekani. Ule mpango mkubwa wa zamani wa kujisalimisha, uliopitiwa na watu zaidi ya 56,000 na kuingiza dola bilioni 11.1, ulifungwa Septemba 2018, kwa hiyo anayekuuzia huo anakuuzia gari bovu. Huu wa sasa unataka ritani za miaka 3 zirekebishwe, ripoti za akaunti za miaka 6 zipelekwe kwa mtandao, ulipe kodi na riba yake, kisha adhabu moja ya asilimia 5. Asilimia 5 ya nini, hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa: wanachukua jumla ya mali husika mwisho wa kila mwaka, na mwaka uliokuwa mkubwa kuliko yote ndio unaopigiwa hesabu. Kwetu ulikuwa mwaka wenye dola 41,000, ndiyo ikaja 2,050.

Nyumba ya Kigamboni haimo kwenye hesabu hiyo, kwa sababu imeandikwa jina la mume wangu moja kwa moja na si akaunti. Pango lake ndilo linaloingia kwenye ritani. Akaunti ya kikundi cha Tanga iliripotiwa, kwa kuwa saini yake ipo, lakini asilimia 5 haikuigusa kwa kuwa hela si yake. Waweka hazina wa vikundi na vyama vya mazishi mlioko huku, someni mstari huo mara mbili.

Masharti mengine aliyasema palepale, nayaandika kwa kifupi. Kama IRS wameshaanza kukukagua, mlango umefungwa. Kama hujafaili ritani kabisa na unaishi huku, mlango huu si wako, wenyewe unataka ritani iliyokwishapelekwa ndipo irekebishwe. Na aliyerudi kuishi nyumbani, akakaa nje ya Marekani siku 330 au zaidi katika angalau mwaka mmoja kati ya hiyo mitatu na hana makazi huku, ana mlango wake ambao hauna adhabu hata senti.

Sasa barua. Ndani ya mpango huu kuna fomu 14654, unayoapa chini ya adhabu ya uongo kwamba hukukusudia, na unatakiwa kusimulia ilikuwaje. Sisi tulikwenda na karatasi iliyokwishaandikwa, nzuri, ya kiungwana, tuliyoipata kwa jamaa wa Dallas. Mama alivaa miwani, akashika penseli, akasoma mistari mitatu.

"Hini nshaiona. Nshaiona mara nyingi. Hata Dallas watu wote hawakujua kwa namna moja?"

Akaigeuza upande wa nyuma, akatwambia tuandike kwa Kiswahili kama tunavyomsimulia shangazi. Nani alifungua akaunti, lini, kwa nini. Fedha ilitoka wapi. Nani alijaza fomu, aliuliza nini, hakuuliza nini. Kisha akataka yale mabaya, maana fomu yenyewe inataka yanayokusaidia na yasiyokusaidia. Mume wangu akataja, kwa sauti ya chini, kwamba ile W-9 ya benki ilikaa juu ya friji tangu Ramadhani hadi baada ya Idi Kubwa. Nilidhani mama ataifuta. Akaipigia mstari chini.

"Hiyo itie. Wakiikuta wenyewe ndiyo mbaya."

Tulitia. Tulitia pia jina na simu ya yule mtu wetu wa zamani na ushauri aliotupa, kwa sababu fomu inataka mtaalamu uliyemtegemea atajwe. Mume wangu aliona haya, wamekula futari pamoja. Mama hakubishana, alimsomea tu maelezo ya fomu. Na mimi nilitakiwa kuandika ya kwangu. Ripoti za akaunti zilikuwa za mume wangu peke yake, lakini ritani ni ya wawili, saini zetu zote zipo pale, na deni ni letu sote. Kama sababu zako na za mwenzio hazifanani, kila mtu anaeleza zake. Nililipenda hilo. Wanawake wengi tunatia saini pale penye kibandiko cha njano na kurudisha kalamu.

Upande wa pango alikuwa makini hadi nikachoka. Alitaka risiti za fundi bomba, za rangi, alichopewa dalali, hata mkataba wa serikali ya mtaa. Tulimweleza kwamba kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, akacheka sana, akataka ushahidi wake vilevile. Uchakavu wa nyumba iliyo nje ya Marekani unagawanywa kwa miaka 30, au 40 kama ilianza kupangishwa kabla ya 2018, na mtu wetu wa zamani hata angejua kuhusu nyumba asingejua hilo. Ukishatoa yote hayo, pango lililobaki la kutozwa lilikuwa dogo. Riba ya benki ilikuwa imekwishakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 na benki ya Dar, na kwa kuwa Marekani na Tanzania hazina mkataba wa kodi, nafuu inapatikana kwa sheria ya Marekani yenyewe, ila uwe na karatasi ya kuonyesha umekatwa. Benki ilichukua muda wake kuitoa. Hilo si kosa la mama.

Palipouma ni vipande. Macho ya sheria ya huku yanaitazama mifuko ya pamoja ya nje kama kampuni za uwekezaji za nje, na faida yake ina hesabu yake ya kikatili: kiwango cha juu kabisa cha kodi kwa sehemu ya miaka iliyopita, na riba juu yake. Kwa waliofaili pamoja, kama thamani haifiki dola 50,000 na hujauza wala hujapokea mgawo mkubwa usio wa kawaida, fomu 8621, ya kuripoti mifuko hiyo, unaweza kusamehewa. Sisi tulikuwa chini ya kiwango, lakini kuna mwaka mume wangu aliuza sehemu ya vipande kulipia matibabu ya baba yake. Mwaka huo fomu ikalazimika. Na hapo ndipo bei iliyokuwa dola 2,400 ilipoanza kutembea.

Huyu ni mtu anayejua kazi yake. Alijua siku ya kwanza kuwa kuna vipande, viliandikwa kwenye orodha yetu. Angetuuliza palepale kama tumeuza, angetupa bei moja. Badala yake nyongeza zilikuja kwa ujumbe wa simu, moja leo, nyingine wiki ya pili, mara fomu, mara kubadili shilingi kuwa dola kwa viwango vya Hazina ya Marekani vya mwisho wa mwaka, kana kwamba kazi hiyo haikuwa ndani ya ile ya mwanzo. Jumla ilizidi kwa zaidi ya dola 750. Nilimwambia uso kwa uso. Akapunguza kidogo, ndiyo ile 3,150 niliyoitaja, lakini karatasi ya makubaliano ilikuwa na mstari mmoja tu wa bei, na hilo kwa ofisi inayodai watu ushahidi wa LUKU si sawa.

La pili, kijana wake wa mapokezi. Anataka pasipoti na kadi za namba ya hifadhi ya jamii umtumie kwa WhatsApp, kwenye simu yake binafsi. Nilikataa, nikapeleka nakala kwa mkono. Mama mwenyewe aliposikia alimkaripia mbele yetu, lakini aliyefuata kwenye foleni naye alikuwa ameshatuma. Ofisi inayoshika siri za fedha za watu iweke sehemu salama ya kupokelea karatasi. Hapo ndipo nyota ya tano ilipobaki.

Nimrudishie haki yake kwa kisa kimoja. Tukiwa tunasubiri alikuja mama mmoja wa Kigoma, amebeba mfuko wa nailoni wenye stetimenti. Alikuwa na akaunti moja tu huko nyumbani, isiyo na riba, anayoitumia kuwekea fedha za kujenga. Alishaambiwa na ofisi nyingine alipe dola 4,000 kwa Streamlined. Mama aliziperuzi karatasi zake, akamuuliza kama ana pango, riba, biashara, chochote. Hana. Akamwambia kwamba asiye na kipato alichokosa kutangaza, na hajatafutwa na IRS kuhusu ripoti hizo, ana utaratibu wake wa kupeleka ripoti zilizochelewa, bila asilimia 5, na tovuti ya kuzipelekea haina malipo. Akamwandikia anwani ya tovuti nyuma ya kadi yake ya biashara, akamwonyesha pale pa kuchagua sababu ya kuchelewa, na hakumtoza kitu.

Ritani zetu zilizorekebishwa zilikwenda kwa karatasi, si kwa mtandao, na juu ya kila moja aliandika jina la mpango kwa wino mwekundu kama maelekezo yanavyotaka. Bahasha inakwenda Austin. Mume wangu, ambaye Austin anapita na lori kila wiki, alitaka kuipeleka mwenyewe. Mama akamjibu kwamba risiti ya posta yenye tarehe ndiyo anayoitaka, siyo dereva. Ripoti za akaunti zilipokelewa na mfumo siku ileile na namba za uthibitisho tunazo. Hundi ilitolewa benki baada ya wiki kadhaa. Barua ya kusema mmesamehewa msiisubiri, mpango huu hauitoi. Ritani zinapita kama ritani nyingine na zinaweza kukaguliwa kama nyingine, kwa hiyo faili lote tumelihifadhi, na nakala moja iko kwa shemeji.

Mkienda, bebeni stetimenti za miaka sita, tarehe ya kila kipande kilichouzwa, na hati ya kodi ya zuio, na mdai bei yote kwa maandishi pamoja na fomu za mifuko kabla hamjatia saini. Februari hadi katikati ya Aprili kazi za namna hii hapokei, anashughulikia ritani za kawaida. Anza kumpigia Mei, asubuhi, maana baada ya saa tisa anayepokea ni yule kijana.